Ndege za Kivita Juu ya Viwanja vya Marekani: Zinatoka Wapi, na Saa Zake Hulipwa na Nani

Wimbo wa taifa wa Marekani unapofikia mstari wa mwisho kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ndege nne au tano za kivita hukatiza juu ya uwanja kwa mpangilio mmoja, na kabla mtu hajainua shingo vizuri zimeshapita. Wengi wanaokesha mbele ya televisheni, Nairobi na Dar es Salaam wakiwemo, hudhani kwamba jeshi lina kikosi cha sherehe kinachotumwa kutoka makao makuu, au kwamba ligi ile tajiri imekodi ndege kwa siku moja. Dhana zote mbili zina kasoro. Karibu ndege zote zinazoonekana juu ya viwanja hutolewa na vikosi vya kawaida ambavyo kazi yake ni kujiandaa kwa vita, na muda unaotumika hukatwa kwenye saa zao za mafunzo. Jeshi husema hakuna gharama ya ziada kwa mlipakodi. Kwenye kitabu cha hesabu, kauli hiyo ni sahihi. Ninachokipinga ni kwamba inatumika kufunga mjadala, wakati swali kubwa ni jingine: saa hiyo ingefanya nini kama isingepelekwa uwanjani?

Tuanze na saa zenyewe. Kila mwaka wa fedha, unaoanza Oktoba 1 na kwisha Septemba 30, kikosi cha ndege hupangiwa idadi ya saa za kuruka. Ndani ya saa hizo kuna mafuta, vipuri, matairi, na uchakavu wa injini. Rubani naye ana hesabu yake: lazima atimize safari kadhaa kwa kipindi, aruke usiku, ajaze mafuta angani, atue kwa kutegemea vyombo wakati haoni nje. Akipungukiwa, anaondolewa kwenye orodha ya walio tayari mpaka asahihishe. Kwa hiyo saa zile zitatumika, mechi iwepo isiwepo. Kamanda anayekubali kupita juu ya uwanja anachukua safari iliyokuwa imalizike juu ya nyika na kuipitisha juu ya watu elfu sabini. Mpaka hapo hoja ya jeshi inasimama.

Mwaka 2013 ulionyesha mipaka yake. Bunge la Marekani lilishindwa kuafikiana kuhusu bajeti, makato ya lazima yakaanza Machi 1, na kufikia Aprili Jeshi la Anga lilikuwa limesimamisha takriban theluthi moja ya vikosi vyake vya mapigano. Thunderbirds, timu ya maonyesho ya Jeshi la Anga, na Blue Angels ya Jeshi la Wanamaji zilifuta ratiba zao. Ndege juu ya viwanja zikasitishwa pia. Kama kweli kupita uwanjani hakuli chochote, kusingekuwa na cha kuokoa kwa kukusitisha. Saa zilipoadimika, kila mtu alijua zipi zina uzito mdogo.

Sasa njia ambayo ombi hupitia. Mwenye hafla, iwe ni chuo kikuu, timu ya besiboli au waandaaji wa mbio za magari, hujaza fomu ya Wizara ya Ulinzi iitwayo DD 2535. Ndani yake anaeleza mahali, tarehe, saa, idadi ya watazamaji, vizuizi vilivyo karibu na uwanja, na mtu wa kuwasiliana naye. Lazima athibitishe kwamba hafla iko wazi kwa watu wote bila ubaguzi wa rangi au imani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, nayo huhusishwa ili isije ikabainika siku yenyewe kwamba njia iliyochorwa inakatiza mkondo wa ndege za abiria. Kisha ofisi inayoshughulikia maombi ya anga hupima kama hafla inastahili. Sikukuu za kijeshi na za kitaifa, kama Siku ya Mashujaa Waliokufa Vitani mwezi Mei au Siku ya Wanajeshi Wastaafu mwezi Novemba, zina njia nyepesi. Mechi ya kawaida lazima ionyeshe faida ya kuajiri au ya kulitangaza jeshi.

Wengi huteleza kwenye hatua inayofuata. Kuidhinishwa kunamaanisha tu kwamba ombi linastahili. Ndege bado hazijapatikana. Ombi huingia kwenye orodha ambayo vikosi huiangalia, na kikosi chenye saa, ndege nzima na marubani wa ziada wikendi hiyo ndicho hujitokeza. Kisipojitokeza chochote, hakuna ndege, hata kama fomu imejazwa vizuri namna gani. Mwandaaji anaweza kutafuta vikosi mwenyewe na kuviomba, lakini hawezi kuagiza aina ya ndege. Jeshi la Anga peke yake hupita juu ya hafla mbalimbali karibu mara 1,000 kwa mwaka, na maombi huzidi ndege zinazopatikana.

Ukilijua hilo, unaweza kukisia ndege imetoka wapi kabla mtangazaji hajasema. Mechi za vyuo vikuu huchezwa Jumamosi. Wikendi ndiyo pia wakati wa safari ndefu za mafunzo kwa wakufunzi na wanafunzi wa kambi kama Vance iliyoko Oklahoma, au Sheppard na Laughlin za Texas, ambako hurushwa T-38, ndege nyembamba ya mafunzo yenye injini mbili. Ndege hiyo hubeba takriban pauni 3,900 za mafuta, kwa hiyo safari hupangwa kwa vipande vifupi vyenye vituo, na uwanja wa chuo huwekwa kwenye kimojawapo cha vipande hivyo. Mara nyingi mmoja wa marubani alisoma chuo hicho hicho. Mechi za Jumapili za ligi ya kulipwa huhudumiwa sana na Kikosi cha Walinzi wa Taifa cha jimbo husika: F-16 za kambi ya Buckley kwa Denver, A-10 za Selfridge kwa Detroit. Hizo huruka dakika chache kutoka nyumbani, hupita, hurudi. Kwa maoni yangu huo ndio mpango bora kuliko yote, kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ni fupi na sehemu iliyobaki ya mafuta hutumika kwenye eneo la mazoezi lililo jirani.

Fainali ya Super Bowl ina kanuni zake kwa sababu jeshi lenyewe linaitaka nafasi hiyo. Hapo makao makuu huchagua. Ndege zilipita juu ya fainali hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Mwaka 2021 mjini Tampa zilipita ndege tatu za mabomu: B-1 kutoka Ellsworth jimboni Dakota Kusini, B-2 kutoka Whiteman jimboni Missouri, na B-52 kutoka Minot jimboni Dakota Kaskazini. Mwaka 2023 kule Arizona ilikuwa zamu ya Jeshi la Wanamaji, na marubani wanawake waliadhimisha miaka 50 tangu wanawake waanze kurusha ndege za jeshi hilo.

Nataka kukaa kidogo kwenye kazi ya kufika kwa sekunde iliyopangwa, maana ndiyo hoja kuu ya jeshi kwamba haya ni mafunzo. Ndege ya kivita inayopita uwanjani huenda kwa mwendo wa karibu maili za baharini 300 kwa saa, yaani maili 5 kwa dakika. Ikichelewa sekunde 10, iko kilomita moja na nusu nyuma ya uwanja wakati mwimbaji anamaliza. Kundi husubiri mbali, likizunguka kwa umbo la mviringo mrefu juu ya alama inayoonekana vizuri: ziwa, makutano ya barabara kuu, mnara. Kutoka hapo hadi sehemu ya kuanzia mbio za mwisho, tuseme maili 10, kunajulikana kwa sekunde. Chini uwanjani yupo mwenzao, kwa kawaida rubani wa kikosi hicho hicho, ameshika redio. Kazi yake ni kuwaambia wimbo umeanza saa ngapi hasa, na kama mwimbaji anakwenda polepole kuliko alivyofanya kwenye mazoezi.

Mazoezi hayo hupimwa kwa saa ya mkononi. Wimbo huchukua kama dakika mbili, lakini msanii akiona kamera mbele yake huvuta noti ya mwisho, na sekunde nane zinaongezeka papo hapo. Rubani wa mbele ana njia mbili za kurekebisha. Akiwa bado anazunguka, anakata kona mapema au anaichelewesha. Akiwa ameshaingia kwenye mstari wa mwisho, amebaki na mwendo tu: kuokoa sekunde 10 katika maili 10 zilizobaki kunadai apande kutoka 300 hadi 327. Hilo linawezekana. Kuokoa sekunde 30 kungedai 400, na hapo amekwishavuka kasi aliyoidhinishiwa, huku wenzake wa pembeni wakihangaika kubaki mahali pao. Akiwahi, kupunguza mwendo kuna mpaka pia, maana ndege za kivita zikienda polepole huinua pua na mpangilio hulegea.

Je, hayo ni mafunzo ya kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Kufika juu ya shabaha kwa sekunde ni ustadi uleule unaotakiwa kuangusha bomu au kukutana na ndege ya mafuta. Ndege tatu za mabomu za Tampa zilitoka majimbo matatu, zikakutana angani, zikapita pamoja kwa mwendo mmoja ingawa zimeundwa tofauti kabisa: upangaji wa aina hiyo una thamani kubwa. Lakini kapteni mwenye saa 1,500 ndani ya F-16 hafundishwi jambo jipya kwa kupita juu ya uwanja saa saba mchana katika anga safi, pasipo adui, pasipo kuzibiwa mawasiliano. Anayejifunza ni rubani kijana wa pembeni, na fundi anayelazimika kuandaa ndege nne na moja ya akiba mbali na nyumbani.

Sehemu hiyo ya mafundi haizungumzwi vya kutosha. Ndege zikitoka mbali hutua kwenye uwanja wa kiraia ulio karibu, na si kila uwanja unafaa. Kwa T-38 hutafutwa njia ya kurukia ya futi 8,000 hivi. F-16 hutafutiwa mahali penye waya wa kunasa, ili breki zikikataa ndege isivuke mwisho wa lami. Ndege hiyo hubeba pia hydrazine, kemikali yenye sumu kali inayoendesha mtambo wa dharura injini ikizimika, na zimamoto wa uwanja huo lazima wajue mapema wafanye nini ikivuja. Ndege moja ikiharibika Jumamosi jioni, fundi na kipuri husafirishwa kutoka kambini, na Jumatatu kikosi kina ndege moja pungufu kwenye ratiba. Gharama ya namna hii haionekani popote kwenye maelezo ya "bila gharama ya ziada".

Hali ya hewa nayo ina hesabu rahisi. Juu ya eneo lenye watu, sheria inataka ndege iwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilichomo ndani ya futi 2,000 kuizunguka. Kizuizi hicho huwa ni mnara wa taa au ubao wa matokeo, hivyo kupima urefu kutoka kwenye nyasi za uwanja hakutoshi. Kwa kawaida rubani anatakiwa pia abaki futi 500 chini ya mawingu. Kitako cha mawingu kikiwa chini ya futi 1,500 juu ya kizuizi hicho, safari hufutwa, na hakuna mwandaaji wala mkurugenzi wa televisheni mwenye mamlaka ya kusema vinginevyo.

Tena urefu huo husomwa kwenye kipimo kinachohesabu kutoka usawa wa bahari. Denver iko futi 5,280 juu ya bahari. Kupita futi 1,000 juu ya uwanja wake kunadai kipimo kisome zaidi ya 6,200 kabla hata ya kuongeza urefu wa minara ya taa. Kipimo chenyewe hurekebishwa kulingana na kanieneo ya hewa ya siku hiyo, na kosa la sehemu moja ya kumi ya inchi ya zebaki ni kosa la futi 100. Rubani aliyetoka kambi iliyo karibu na bahari, asipofanya hesabu hii kwa kalamu chini kabla ya kuruka, anaweza kuwa chini kuliko anavyodhani.

Wapo waliokuwa chini kweli. Novemba 2009 ndege mbili za Jeshi la Wanamaji zilipita chini mno juu ya uwanja wa Georgia Tech mjini Atlanta, na marubani wake wakazuiwa kuruka. Mwaka mmoja baadaye T-38 nne za kambi ya Vance zilipita juu ya uwanja wa Kinnick wa Chuo Kikuu cha Iowa chini sana ya futi 1,000 zilizotakiwa, zikakaribia kugusa majengo ya uwanja, na uchunguzi ukamwangukia kiongozi wa kundi. Mashabiki walishangilia kuliko kawaida siku zile. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo: ukaribu ndio unaopigiwa makofi, na rubani ni binadamu anayesikia sifa.

Hitilafu nyingine huanzia kwenye simu ambayo haikupigwa. Aprili 20, 2022, ndege ndogo ya timu ya Jeshi la Nchi Kavu iliyokuwa ikiangusha askari wa miavuli kwenye uwanja wa besiboli wa Washington ilisababisha jengo la Bunge kuhamwa kwa dharura, kwa kuwa FAA haikuwaarifu polisi wa Bunge. Na vyombo hukataa hata mikononi mwa mabingwa: Juni 2, 2016, muda mfupi baada ya Thunderbirds kupita juu ya mahafali ya chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado, F-16 moja ilizimika injini kwa hitilafu ya mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Rubani aliiongoza mbali na nyumba, akajirusha, akapona. Ndege ikapotea.

Majiji makubwa yana tatizo la msongamano. Uwanja wa Levi's uko karibu na njia ya ndege za San Jose, SoFi iko karibu na mkondo wa ndege za Los Angeles, na MetLife, karibu na New York, iko jirani na Teterboro, uwanja unaotumiwa sana na ndege binafsi. Waongoza ndege hulazimika kufungua nafasi ya dakika chache kati ya ndege za abiria, na kundi likichelewa kuiingia, nafasi hufungwa. Mechi ikiwa na viti 30,000 au zaidi, anga ya maili 3 za baharini kuzunguka uwanja hadi futi 3,000 huwa imekatazwa kwa ndege nyingine, kuanzia saa moja kabla ya mchezo hadi saa moja baada yake. Hilo linasaidia. Fataki za uwanjani hazimo kwenye katazo hilo, kwa hiyo mshika redio lazima awe amekubaliana na mpiga fataki kwamba hakuna kinachowashwa mpaka ndege ya mwisho ipite.

Kuna kitu jeshi hunyamazia, nikitaje waziwazi. Ni utangazaji wa ajira. Si aibu, na sheria inauruhusu, maana jeshi la hiari halina budi kuwavutia vijana. Lakini Marekani imeshaona utangazaji huo ukifichwa ndani ya heshima. Mwaka 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa ikizilipa timu za michezo mamilioni ya dola, na sehemu ya malipo ilihusu kuwaenzi askari uwanjani, jambo ambalo mashabiki waliamini timu inalifanya kwa hiari. Mwaka uliofuata ligi ya NFL ilirudisha dola 723,734. Kupita kwa ndege ni jambo tofauti, kwani timu hailipwi kwa ajili yake. Hata hivyo kuna ligi ya biashara inayopata dakika ya televisheni isiyonunulika sokoni, na kuna kikosi kilichotumia saa.

Nairobi na Dar es Salaam ndege za jeshi hupita juu ya uwanja siku za sherehe za taifa. Hafla ni ya serikali na ndege ni za serikali, na wananchi wanajua mwenye shughuli ni nani. Kule Marekani mwenye hafla ni kampuni. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kudai hesabu iwe wazi zaidi.

Mfano wa hesabu mbaya upo. Februari 2011, F/A-18 nne za Jeshi la Wanamaji ziliruka kutoka kambi ya Oceana jimboni Virginia, zaidi ya kilomita 1,800, kupita juu ya Super Bowl huko Arlington, Texas. Paa la uwanja lilikuwa limefungwa. Waliokuwa ndani waliziona kwenye skrini, kwa sekunde chache. Fort Worth, jirani kabisa, kuna kambi ya akiba yenye ndege za kivita. Vyombo vya habari vilikadiria gharama hadi dola 450,000. Jeshi likasema ni pungufu sana ya hapo, na kwamba zote ni saa za mafunzo. Mabishano yale yasingekuwepo kama kungekuwa na takwimu mbili zilizochapishwa: saa zilizorushwa tangu kambini hadi kurudi, na zoezi lililofanyika njiani.

Zoezi la kujaza mafuta angani likiwemo, au rubani kijana akikamilisha sifa yake ya kuongoza kundi, safari imejilipa na makamanda waseme hivyo bila kusita. Safari iliyokwenda kulala hotelini na kurudi Jumapili iitwe tangazo, na itolewe kwenye bajeti ya kuajiri badala ya saa za kikosi. Kila safari ya ndege ya kivita tayari huandikwa muda wake na kazi iliyofanyika kabla rubani hajavua suti, kwa hiyo takwimu zipo kwenye kompyuta ya kikosi. Ofisi inayopokea fomu DD 2535 ina jina la mechi na tarehe yake. Kuziunganisha na kuzichapisha mwishoni mwa kila mwaka wa fedha ni kazi ya karani mmoja.